Shajara ya Mradi: Barua za Keya, Ng'ombe wa Mahari na Itongo la Kayenze

Wiki ya 1

Sanduku la bati limefunguliwa. Ndani yake: barua 31, bahasha 9, picha 4, nishani 3, sarafu 14, daftari la mistari ambalo jalada lake limeliwa na mende, na ukurasa mmoja wa gazeti la Mambo Leo uliotumika kufungia nishani. Kinachotafutwa ni miaka ya 1942 hadi 1946, Babu akiwa Keya (jeshi la King's African Rifles), Bibi akiwa kwao Kwimba, na posa ikiendelea mwoaji hayupo. Upande wa pili wa kazi ni shina la kaya yenyewe: shamba na itongo (mahame ya kaya) la Kayenze, kabla ya watu kuhamishiwa vijijini mwaka 1974.

Kila tabaka la sanduku lilipigwa picha kabla ya kuguswa. Si urembo. Barua iliyokuwa imelala juu ya nyingine kwa miaka 70 inaeleza nani aliihifadhi na lini, na mpangilio huo ukivurugwa haurudi. Namba ziliandikwa kwa kalamu ya risasi ya 2B, ndogo, kwenye kona ya nyuma: B01 hadi B31 kwa barua, D kwa daftari, P kwa picha. Pini za kuunganishia karatasi zilitolewa kwa kukunjua miguu yake kwa kisu kisicho na makali, maana ukizivuta zinang'oa karatasi pamoja na kutu.

Kulikuwa na wadudu hai. Karatasi zote zikafungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, hewa ikakamuliwa, zikaingia friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kwa Mwanza shida ni umeme. Siku ya tano ulikatika mchana kutwa, friza ikayeyuka, hesabu ikaanza upya. Friza ya duka la samaki ingefaa zaidi kwa kuwa ina jenereta, ila mfuko ukitoboka utabaki na barua zinazonuka sangara milele. Baada ya kutoka, mfuko haufunguliwi kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa unaganda juu ya karatasi baridi.

Wiki ya 4

Kukunjua. Hapa ndipo barua moja imeharibika, B11, na sababu inafaa kuandikwa kirefu.

Karatasi kavu iliyokunjwa mara nne huvunjika kwenye mikunjo ukiilazimisha. Njia inayojulikana ni kuilainisha kwa unyevu: chombo cha plastiki chenye mfuniko, sifongo lililoloa na kukamuliwa chini, kipande cha wavu wa kuanikia dagaa (uliooshwa!) kikiwa juu kama kitanda, barua juu ya wavu, mfuniko, kwa muda wa saa tatu hadi nne. Karatasi inalegea, inafunguka yenyewe kwa vidole, kisha inalazwa kati ya karatasi nyeupe zisizo na maandishi, chini ya kioo cha dirisha na mfuko wa sukari wa kilo 2, usiku mzima. Barua za wino wa buluu-nyeusi zilitoka safi.

B11 haikuwa ya wino. Iliandikwa kwa ile kalamu ya risasi iliyopendwa sana na makarani na askari wa wakati huo, ambayo ikiwa kavu inaonekana kijivu kama risasi ya kawaida, lakini ndani yake mna rangi. Ikipata unyevu inageuka zambarau na kusambaa. Ilipendwa kwa sababu haifutiki kwa mpira. Baada ya saa mbili ndani ya chombo, mistari sita ya chini ya B11 ilikuwa wingu la zambarau. Tangu hapo kila barua inapimwa kwanza: kijiti cha pamba kilichoguswa maji kidogo mno kinawekwa juu ya nukta moja iliyo pembeni, kisha kinatazamwa kwenye mwanga. Kikiwa na hata dalili ya zambarau, maji hayahusiki tena. Kati ya barua 31, 19 ni za kalamu hiyo. Hizo zinafunguliwa kikavu, mkunjo mmoja kwa siku, chini ya uzito, na pale zinapokatika zinaachwa zikiwa vipande. Gundi ya utepe hapana kabisa, wala kulamineti; vyote viwili havitoki bila kuondoka na karatasi.

Mabaki ya B11 yaliokolewa kwa sehemu. Ukipiga picha, ukaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe huku ukififisha zambarau, michirizo ya ncha ya kalamu inaonekana kidogo chini ya wingu. Mistari minne kati ya sita imesomeka.

Kupiga picha: nukta 600 kwa inchi kwa skana, faili la TIFF la kuhifadhi na la JPEG la kutumiana. Kwa simu, kivulini upande wa kaskazini au kusini wa nyumba, saa nne asubuhi, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila mmweko. Jina la faili ni namba ya barua na upande: B07_mbele, B07_nyuma. Nakala tatu, mojawapo nyumba nyingine.

Wiki ya 6

Kusoma. Mtu anayetarajia maneno ya mapenzi atayakosa, na kosa la kwanza la mradi lilikuwa kuyatafuta. Hakuna barua hata moja iliyoandikwa moja kwa moja kwa Bibi. Ishirini na mbili zinaelekezwa kwa kaka yake Babu aliyebaki Kayenze, na tisa kwa kaka yake Bibi, kupitia Boma la Ngudu. Hili si jambo la ajabu. Msichana asiyesoma alisomewa, na msomaji alikuwa mwalimu, katekista au karani, mbele ya watu wa nyumba. Mwandishi naye mara nyingi hakuwa mwenye barua. Ukizipanga B01 hadi B31 mezani, miandiko ni minne, ya mtu mmoja anayesema. Barua ilipita kwa mwandikaji, kwa ofisa mkaguzi wa jeshi, kwa karani wa boma na kwa msomaji kabla haijafika masikioni mwa mchumba. Nani atasema siri kwenye mlolongo huo?

Kwa hiyo salamu ndefu za mwanzo zisirukwe. Kanuni ya salamu ni ileile siku zote, mimi ni mzima wa afya sijui ninyi, kisha majina kwa mpangilio wa ukubwa. Kinachopimwa ni mahali linapokaa jina la Bibi. B02 halipo. B05 limo mwishoni, baada ya watoto. B09 limepanda hadi baada ya mama mzazi. B14 linatajwa kwa cheo cha mke, ingawa hesabu ya mahari bado haijakamilika. Jedwali la nafasi hizo, safu moja kwa kila barua, limetoa ramani ya posa iliyo bora kuliko maneno yote yaliyobaki.

Jedwali la pili ni la mali: ng'ombe, majembe, nguo. Nguo zilikuwa adimu wakati wa vita kwa kuwa meli zilikuwa na kazi nyingine, hivyo kaniki moja iliyotajwa ndani ya barua ni jambo zito. Fedha hazikuja ndani ya bahasha. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kupitia boma, na ndiyo maana maneno "nenda bomani" yanajirudia. Fedha hiyo ikageuzwa ng'ombe na kaka mtu. Daftari D ni hesabu yake.

Tahadhari ya majina ya mahali. Mkaguzi alikataza kutaja mahali, lakini machache yalipita. "Bukini" katika B04 lilisomwa wiki nzima kama jina la mtu, rafiki wa Babu; ni Madagaska, jina lake la zamani la Kiswahili. "Bama" ni Burma. "Seloni" ni kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo.

Wiki ya 7

Kupanga tarehe. Barua 17 hazina tarehe kabisa. Vitu vilivyosaidia, kwa mpangilio wa nguvu zake:

Muhuri wa posta ya jeshi. Mihuri ya Afrika Mashariki ina herufi E.A. A.P.O. na namba ya ofisi. Mahali hapatajwi, lakini namba ikibadilika ujue kikosi kimehama, na barua zenye namba moja zinakaa fungu moja. Usibandue stempu kuangalia chini yake.

Picha P2. Begani kuna kitambulisho cha kichwa cha faru. Hicho ni cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwanzoni mwa 1943, ikafanya mazoezi Ceylon, na kuingia Burma katikati ya 1944. Batalioni zake za Tanganyika zilikuwa ya 26 na ya 36 za King's African Rifles. Iliteremka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua kubwa, matope na malaria, ikafika Kalemyo Novemba 1944 na Kalewa Desemba. Hapo Kalewa mto Chindwin ulitandikwa daraja la Bailey la futi 1,154. B19 inalalamika juu ya mvua isiyokatika na B21 inasema "tumeshavuka mto", hivyo zimekaa mahali pake bila kulazimishwa.

Madagaska ilikuwa 1942, na batalioni ya Tanganyika iliyokwenda huko ilikuwa ya 6. Kwa hiyo B04 ama inatoka kwa mtu aliyehamishwa kikosi, ama Babu anasimulia habari za wengine. Sentensi yenyewe inasema "waliotoka Bukini". Ni habari za wengine. Shajara za vikosi vya Burma ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, mfululizo wa WO 172. Zinataja mahali na tarehe za kikosi, askari wa kawaida hawatajwi sana.

Nishani zinadanganya wengi. Nyota za vita ya pili za Waingereza kwa kawaida hazikuandikwa jina wala namba ya askari, hivyo nyota peke yake haithibitishi ni ya nani. Tazama utepe: wa Burma una nyekundu pana katikati, buluu iliyokoza pande zote mbili, na mstari wa chungwa katikati ya kila buluu. Zetu zimefifia hadi chungwa limekuwa kama maziwa. Zisisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia.

Sarafu zina neno lake pia. Senti 10 zenye tundu zilizokutwa zimefungwa kwa uzi wa katani zina jina la mfalme George wa sita. Cheo cha Mtawala wa India kiliondolewa kwenye sarafu baada ya India kujitawala 1947. Zote 14 bado zinacho, kwa hiyo huenda uzi ulifungwa kabla sarafu mpya hazijaenea.

Wiki ya 9

Mahojiano na Bibi mdogo, mdogo wake Bibi, Kwimba. Vipindi vitatu vya dakika 50. Zaidi ya hapo mzee anachoka na kuanza kukubali kila unachosema.

Sauti: WAV, 48 kHz, biti 16, mkondo mmoja, inakula takriban MB 346 kwa saa. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo, sentimita 20 chini ya kidevu. Khanga ya hariri bandia inakwaruza, ya pamba haina neno. Bati ni adui. Mvua ikianza, simamisha, kwani hakuna programu itakayotoa mlio huo. Kuku wafungiwe. Saa moja ya Kisukuma ilichukua saa sita kuandikwa, na nne nyingine kufasiriwa.

Salamu kwanza, Mwangaluka, na kuitikia hadi mwisho wa majina ya ukoo. Aliyeingia na maswali moja kwa moja alipewa majibu ya neno moja. Swali la "Bibi alimpenda?" lilileta kicheko na kimya. Maswali yaliyofungua mlango ni haya: Mshenga alikuwa nani, na aliketi wapi? Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa rangi gani? Aliswagwa na nani? Alilala wapi njiani? Mfugaji wa Kisukuma ana jina la kila rangi na baka, na mzee aliyesahau mwaka hajasahau ngozi ya ng'ombe. Dakika 35 za kipindi cha pili ni rangi tupu.

Jambo linaloharibu simulizi nyingi za ukoo kanda hii ni kuchanganya vita. Mzee anasema "wakati wa vita" na mwandishi mwenye haraka anaandika 1943. Uliza: fedha zilikuwa rupia au shilingi? Rupia ni enzi ya Mjerumani na vita ya kwanza. Walikuwa wapagazi wa Karia au askari wa Keya? Karia kwa kawaida ni vita ya kwanza. Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916. Waliondoka Mwanza kwa treni? Basi ni baada ya 1928, reli ya kutoka Tabora ilipofika. Na vita ya Idi Amini ni 1978 na 1979, usije ukamtuma mjukuu Burma.

Majina ya watoto yanabeba tarehe pia, kwa uangalifu. Mabula na Kabula ni wa mvua, Mayala wa njaa, Bulugu wa vita, Shija amefuata mapacha Kulwa na Doto. Lakini jina hurithiwa toka kwa babu, kwa hiyo Bulugu wa 1952 anaweza kuwa na vita ya 1916 ndani yake. Jina ni dokezo tu.

Wiki ya 10

Vitabu vya misheni. Mapadri wa White Fathers walifika Bukumbi 1883 na vitabu vyao vya ubatizo na ndoa vimeandikwa Kilatini, jambo ambalo si gumu kama linavyotisha: filius ni mwana wa kiume, filia wa kike, patrinus msimamizi. Joannes ni Yohana. Ombeni kwa barua kwa paroko wiki mbili kabla, mkitaja miaka na majina, na msiende Jumamosi ya ndoa. Mtu mzima aliyebatizwa alipita ukatekumeni wa miaka minne. Ukiona ubatizo wa 1938, alianza mafundisho karibu 1934 na alikuwa akiishi jirani na kituo wakati huo. Umri ulioandikwa kwa mtu mzima ni makadirio ya padri kwa macho.

Ndoa ya kanisani imeandikwa 1947. Ndoa ya nyumbani ilikuwa 1946. Zote zinaingia kwenye kumbukumbu, kila moja kwa jina lake.

Wiki ya 12

Itongo la Kayenze. Mahame hayana nyumba ya kukuonyesha, yana dalili. Mstari wa minyaa uliozidi urefu wa mti wa kawaida ni ua wa boma. Mkuyu peke yake katikati ya uwanda ulikuwa kivuli cha baraza. Jiwe la kusagia, hata lililovunjika, halihamishwi mbali kwa uzito wake. Jaa na zizi la zamani hujulikana kwa mahindi: mstari mmoja wa kijani kibichi kuliko jirani zake, miaka 50 baadaye.

Wazee wanataja mashamba kwa udongo, na hiyo ndiyo funguo ya ramani. Luseni, mchanga chini ya mawe ya matale, ulikuwa wa mihogo na pamba ya matuta. Itogolo, ule mgumu wa kati, ulikuwa malisho na mtama. Mbuga nyeusi ya bondeni, mpunga. Ukisikia "shamba la luseni la kaka mkubwa", panda mlima, usishuke.

Ufuko umeleta utata. Kutoka mwishoni mwa 1961 hadi 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafikia tena kiwango kile. Makaburi mawili ambayo simulizi linasema yalikuwa "hatua mia kutoka majini" leo yako kwenye matete. Usianzie kwenye ufuko wa sasa kupima simulizi la 1945. Anzia kwenye jiwe.

Vipimo vya simu: subiri dakika mbili juani, kosa likishuka chini ya mita 5 ndipo uandike, desimali tano. Alama ya kutoa kabla ya latitudo isisahaulike, tuko kusini ya Ikweta. Ilisahaulika kwenye pointi saba, na shamba zima la Babu likatokea kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira.

Wiki ya 14

Mti wa ukoo umeingia kwenye programu ya Gramps, ya bure. Kila mtu ana namba yake, kwa sababu mtu mmoja ana jina la kuzaliwa, la ubatizo, la ngoma na la "ng'wana fulani" (mwana wa fulani), na programu inadhani ni watu wanne. Safu ya jina la ukoo imeachwa tupu kwa waliozaliwa kabla ya 1950.

Safu iliyoongezwa kwa mkono ni ya mahari. Kwa desturi ya Wasukuma ng'ombe ndio walioweka watoto upande wa baba. Pasipotolewa, watoto walihesabiwa kwa mama. Bila safu hiyo mti unaonyesha damu lakini hauonyeshi nani alirithi luseni na nani mbuga, na shangazi wawili wanaonekana wamedhulumiwa shamba kumbe walirithi Kwimba.

Daftari D sasa limelinganishwa na jedwali la barua. Ng'ombe wawili walitolewa kabla Babu hajaondoka. Watano walinunuliwa na kaka mtu kwa fedha za bomani, 1943 hadi 1945. Watatu baada ya kurudi. Jumla 10, na barua ya mwisho, B31, inasema 10. Daftari linasema 11. Wa kumi na moja hana rangi, ana mstari tu.

Bibi mdogo ameulizwa kwa simu. Yule alikuwa mtamba mwekundu, alifia njiani siku ya tatu kabla ya kufika Ngudu. Kaka mtu akarudi Kayenze kwa miguu, akaleta mwingine, na hakumwandikia mdogo wake aliye Bama. Imeingizwa kwenye D, ukurasa wa 12, kwa kalamu ya risasi. Kilichobaki ni mistari miwili ya B11.